Tulivyomposa Senta wa Chwaka

Mnaponiona nimekaa pembeni ya kiwanja kofia imenifunika macho, mnadhani mzee amesinzia. Sijasinzia, wanangu. Nnayaona makosa yenu yote, na mengine nayasikia tu kwa mlio wa mpira.

Nimefundisha mpira wa kikapu mji huu tangu wengi wenu hamjazaliwa, na nilipoanza hapakuwa na kocha Unguja nzima mwenye cheti kama changu. Ni stashahada ya ualimu wa michezo, nimeisomea Cairo kwa pesa zangu mwenyewe. Babu yangu alikuwa Mwarabu mwenye mikarafuu njia ya Bububu, lakini mimi sikurithi hata kikonyo kimoja. Niliondoka hapa kijana, nikabeba saruji Maskati, nikaosha magari ya watu, nikasoma, nikarudi kwetu na cheti ndani ya fremu ya kioo. Fremu hiyo mnaiona kila mkija kwangu kunywa maji. Wengine walirudi na makaseti na marashi.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, timu yenu ilipoondokewa na wachezaji: "Maalim, timu ikishakufa hufufuliwa vipi?" Nikamwambia angoje niandike. Nikisimulia kwa mdomo, Hemed hunikatiza. Huyo Hemed ni kepteni wangu wa zamani na jirani yangu, yule anayenidanganya kwenye bao kila jioni na kuapa kwamba hadanganyi.

Timu yetu ilikuwa Kaskazi. Nazungumzia katikati ya miaka ya tisini. Misimu miwili tulimaliza mkiani, na chama cha mpira wa kikapu kikatangaza kwamba msimu wa tatu timu ya mkiani itashuka daraja. Labda mtasema kushuka si kufa. Nyakati zile ilikuwa karibu na kufa. Timu za daraja la kwanza zilipewa kiwanja cha saruji jioni, baada ya alasiri, upepo umeshaanza. Za daraja la pili zilipewa saa ya jua kali, kwenye kiwanja cha kifusi nje ya mji, ambako ringi moja ilikuwa juu na nyingine chini kama mizani ya muuza papa. Timu isiyo na kiwanja jioni haina vijana. Na vijana wasio na kiwanja jioni, nyote mnajua wanakaa wapi.

Hemed goti lake lilikuwa limeshaanza kumuuma. Siku moja tulipokuwa tunafunga viatu alinambia taratibu, wenzetu wasisikie: "Maalim, nnataka kustaafu tukiwa daraja la kwanza. Nimeingia timu hii kwa mlango wa mbele. Usinitoe kwa mlango wa uani."

Nikamwambia, "Maadamu nipo mimi, huna wasiwasi."

"Ndiyo maana nna wasiwasi," akasema.

Mwaka ule timu moja ya kazini ilivunjwa, wachezaji wake wakabaki hawana pa kucheza. Chama kikaamua wagawiwe, na timu ya mkiani ichague kwanza, kisha ya juu yake, hivyo hivyo hadi bingwa. Kwa mara ya kwanza kuwa wa mwisho kukawa na faida. Nilijitayarisha kama nilivyofundishwa. Nilikwenda kuwatazama na utepe wa kupimia na saa ya kubonyeza. Nikawapima urefu, upana wa mikono, mruko na mbio. Makocha wenzangu walikaa kivulini wakinywa maji ya madafu na kunicheka.

Nikamchagua Fadhil. Mnamjua mtu anayetupa mpira na kugeuka kuondoka kabla haujaingia? Ndiye huyo. Alitumia mkono wa kushoto, mwepesi, na ringi ilimpenda. Watu walipiga makofi nilipomtaja. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Kabla ligi haijaanza nilikwenda kunyoa. Kinyozi wangu akaniuliza, "Maalim, timu yako mwaka huu vipi?"

"Mwaka huu tuna Fadhil."

Wembe ukasimama. "Fadhil yupi? Huyu wa mkono wa kushoto? Kwani hukujua? Mimi mwenyewe nimemnyoa kwa ajili ya picha ya pasi ya kusafiria. Anakwenda Dubai kwa mjomba wake. Mtaa mzima unajua."

Na kweli, mtaa mzima ulijua. Mama yake alishaanza kugawa vyombo. Makocha wenzangu walijua pia, ndiyo sababu walikaa kivulini wakacheka. Nilichagua wa kwanza, na wangu akaondoka wa kwanza. Lakini jicho langu halikukosea: Fadhil alicheza huko Dubai miaka mingi na akasifiwa. Nililokosa ni kuuliza. Kwa hiyo somo la mwanzo liandikeni: kabla hujampima mchezaji urefu, muulize kinyozi wake.

Tuliobaki nao ni wale wale wetu. Timu yote ilikuwa na moyo, na fupi. Nikawafundisha niliyoyajua. Niliweka gunia bichi pembeni ya mstari ili kila anayeingia afute nyayo, kwa sababu saruji yetu ina vumbi la chokaa, na nusu ya mnaowaita wazembe ni watu wanaoteleza tu. Niliwakataza kujaza mpira upepo mchana, kwani ukikaa juani unavimba na kuruka kama mbuzi. Haya myashike, hayamo vitabuni. Lakini hakuna gunia bichi linalomfanya mtu mfupi kuwa mrefu. Tulihitaji senta, mtu wa kukaa chini ya ringi na kuumiliki mpira unaorudi.

Nilimpata mazikoni.

Nilikwenda Chwaka kumzika mtu wa ukoo wa mke wangu. Tulipotoka makaburini, tulipita pwani, na pale lori lilikuwa linapakia magunia ya mwani mkavu. Wawili walikuwa chini wanarusha, na juu ya lori alisimama kijana mmoja mrefu, mwembamba, anapokea. Kila gunia lilipopanda alilidaka juu ya kichwa kwa mikono miwili, akageuka nalo huko huko juu, akaliweka mahali pake. Hakulishusha kifuani hata mara moja.

Wanangu, mimi nilisimama, watu wa maziko wakanipita. Mtu mrefu ukimpa mpira, jambo la kwanza analofanya ni kuushusha kifuani, na pale ndipo wafupi wanapomnyang'anya. Kumwondolea mtu tabia hiyo kunamla kocha mwaka mzima. Huyu kafundishwa na magunia. Nikauliza jina, nikaambiwa ni Pandu, mtoto wa Bi Mize, mjane, mkulima wa mwani.

Siku ya pili yake nilirudi. Nilivaa suruali iliyopigwa pasi, nikachukua fomu ya usajili na kalamu mbili. Bi Mize nilimkuta uani anasuka ukili. Alinikaribisha, akanipa kigoda, akaniletea maji. Nikaanza. Nikamweleza cheti changu, Cairo, ligi, daraja la kwanza, jinsi kijana wake atakavyokuwa mtu mashuhuri. Nilisema vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila mkono wake kuacha kusuka.

Kisha akaniuliza, "Umekuja na nani, baba?"

"Nimekuja peke yangu."

"Basi hujaja," akasema, akanikaribisha maji tena.

Niliporudi mjini nilimhadithia Hemed, njiani tukitoka sokoni. Alicheka mpaka akashika goti. "Umekwenda peke yako kumwomba mtu mtoto wake, na kalamu mbili! Hata mimi mke wangu sikwenda kumwomba mwenyewe, na alikuwa akinitaka."

Mama yake Hemed, Bi Zuwena, alikuwa ndiye mwenye baraza tuliyokuwa tukifanyia vikao vya timu. Ndiye aliyetufulia jezi, na ndiye aliyetutukana tukifungwa. Yeye aliposikia hakucheka. Akasema, "Posa ina taratibu zake. Nipeni siku ya kununua halwa."

Tukaenda kumposa mchezaji. Nasema hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bi Zuwena mbele na buibui lake jipya, Hemed na kanzu, mimi nyuma na sinia la halwa na kahawa. Upande wa pili alikuwepo Bi Mize na kaka yake, Mzee Vuai, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Tukaulizana hali, wagonjwa, mvua, bei ya mchele. Bi Zuwena na Bi Mize wakatafutana mpaka wakapata bibi mmoja wa Makunduchi aliyewahusu wote wawili. Mimi nilitaka kuitoa fomu, Hemed akanikanyaga mguu.

Kahawa ilipokwisha Bi Zuwena akasema, "Tumekuja kwenu, tumeona ua zuri, tunaomba. Tunamtaka kijana wenu acheze na wanetu. Atakula wanachokula, atarudi anaporudi mtu wa heshima. Akikosa, tutakuja kukwambieni. Tukikosa sisi, njooni."

Mzee Vuai akakohoa. Bi Mize akasema, "Mimi sina neno. Ila bamvua ni langu."

Bamvua mnalijua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa. Wakulima wa mwani huzingojea siku hizo. Ndizo siku za kufika kwenye kamba za mbali, kuvuna, kufunga mbegu mpya, na kubeba. Gunia la mwani mbichi si mzigo wa mchezo. Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa kumbebea, na ndiye huyo.

"Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, mchukueni," akasema. "Bamvua simtoi kwa mtu."

"Tumekubali," nikasema haraka.

Bi Zuwena akamgeukia Pandu, aliyekuwa amekaa mlangoni magoti yamemfika kidevuni. "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unasemaje?"

Pandu akainamisha kichwa, akatazama mkeka.

"Kanyamaza," akasema Bi Zuwena. "Kanyamaza, karidhi."

Uani kote wakacheka, na Pandu masikio yakamwiva. Wanawake wa jirani wakapiga vigelegele kweli kweli, kama kwa mwali.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha pekee Visiwani aliyepanga timu kwa kutazama mwezi. Wenzangu waliuliza, "Tunacheza na nani?" Mimi niliuliza, "Mwezi ngapi leo?" Maji mafu tulikuwa simba. Bamvua tulikuwa paka. Pandu mwanzoni hakujua hata kupiga mpira chini, ukimwambia adunde anauangalia kama anaangalia kinda la kuku. Lakini mpira ukipaa kutoka kwenye ringi, mikono ile inapanda, inaufunga huko juu, na haushuki tena mpaka umfikie mwenzetu. Hemed alimchukua akawa wake. Jioni baada ya mazoezi aliweka kiti chini ya ringi, akapanda yeye na goti lake, akamrushia mipira kwenye ubao wa ringi mmoja mmoja, huku akimtukana kwa mapenzi. "Wee Pandu! Huo ni mpira, si mwani, haukauki! Utoe!"

Tukaanza kushinda. Mpaka mwisho wa msimu ilibaki mechi moja tu, na Radi, timu iliyokuwa juu yetu kidogo. Tukishinda tunabaki, wanashuka wao. Tukifungwa tunashuka sisi. Siku ilikuwa nzuri, maji mafu kabisa, nilishaitazama. Ikanyesha mvua ya masika tangu alfajiri, kiwanja kikawa bwawa, chama kikaahirisha. Walipotangaza siku mpya nilihesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Mwezi kumi na tano, bamvua.

Barazani vijana walinizunguka. "Maalim, siku moja tu. Mama hatakufa kwa siku moja." Mwengine akasema, "Tupeleke gari, tumchukue asubuhi, mama akishajua tumeshacheza." Pandu mwenyewe alikaa ngazini. Nikamtazama Hemed. Mechi hiyo ilikuwa ndiyo mlango wake wa mbele. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kusema tumchukue, ni yeye.

Hemed akasema, "Neno tumetoa. Tena na halwa."

Hapo ndipo nilipotoa wazo ambalo hadi leo najivunia kuliko cheti changu. Hemed husema lilikuwa la mama yake. Msimsikilize. Nikasema, "Maji yanakupwa asubuhi, mechi ni alasiri. Kazi ya mtu mmoja ya kutwa, ya timu nzima ni ya saa ngapi?"

Tukaazima lori la mchanga. Tukafika Chwaka bahari imeshaanza kurudi nyuma. Bi Mize alituona tunashuka, wote na jezi za mazoezi, akaweka mkono kiunoni.

"Mmekuja kumchukua?"

"Tumekuja kwenye bamvua," nikasema.

Akatutazama miguuni. "Na viatu hivyo vya mpira? Vitajaa maji na mchanga, na mkivivua mtaacha nyayo zenu humo kwenye miba. Haya, kila mtu atafute malapa."

Wanangu, sisi tulijiona wanamichezo. Maji ya magotini, jua utosini, na gunia linalovuja chumvi mgongoni: kabla ya saa nne kila mmoja wetu alishajua kwamba hana mgongo. Wanawake wa mwani walitucheka waziwazi. "Huyu Mwarabu na cheti chake kashakaa chini!" Nilikaa kidogo tu, kupanga kazi. Hemed na goti lake Bi Mize alimkamata mkono, akamkalisha penye maji madogo pamoja na wafungaji, akampa kamba na mbegu.

"Kepteni," bibi mmoja akamwambia, "unafunga mwani au unafunga mbuzi? Legeza, utauvunja shingo."

"Nifundishe basi, dada."

"Dada yako nani? Nna wajukuu mie. Shika hivi."

Nikageuka, nikamwona Hemed, kepteni wa Kaskazi, amekaa majini na wanawake, ulimi nje pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika, anafunga vifundo. Nikageuka tena upande wa pili. Chumvi ilikuwa imeniingia machoni.

Maji yalipoanza kurudi, kamba zote za Bi Mize zilikuwa zimevunwa na zimefungwa mbegu, na za jirani zake pia. Akasimama juu ya mchanga, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga.

"Mchukueni," akasema. "Na mimi nnakuja. Ngojeni nibadilishe nguo."

Tuliingia kiwanjani tunanuka mwani. Radi wakaziba pua. "Leo mnacheza au mnauza?" Pembeni, Bi Zuwena alimwekea Bi Mize kiti karibu yake, akawa anamweleza mchezo kwa namna yake: "Huyo mwenye filimbi usimpende. Hao wenye nyekundu ndio wabaya. Mwanao akipanda juu, wewe sema mashallah."

Bi Mize alikuwa hajamwona mtoto wake akicheza. Pandu alipodaka mpira wa kwanza juu ya vichwa vya watu, akasimama kitini. "Ndivyo anavyopokea magunia yangu!" akasema kwa sauti, kiwanja kizima kikasikia.

Tulicheza vizuri. Nimecheza na kufundisha mechi nyingi, lakini moyo kama ule sijauona tena. Tulikuwa mbele mpaka karibu na mwisho. Kisha miguu ikakataa. Ile miguu iliyokuwa majini tangu asubuhi ikaanza kukauka mmoja mmoja. Nikamwingiza Hemed. Akapigana, akaanguka, Pandu akamwinua kwa mkono mmoja kama anaokota kikapu. Filimbi ya mwisho ilipolia, Radi walikuwa mbele kwa kikapu kimoja.

Tukashuka daraja.

Hakuna aliyelia mbele yangu. Hemed alikaa kwenye gunia bichi, akafungua viatu polepole, akavifunga pamoja kwa kamba zake. Bi Mize alikuja akasimama mbele yake. Akamwambia, "Vifundo vyako vimeshika, baba. Nimevitazama." Basi.

Sasa ndiyo nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Dirisha la usajili lilipofunguliwa, kiongozi wa Radi alinijia. Anamtaka Pandu. Ana gari la timu, ana viatu vipya. Mimi nilifikiri kama mtu aliyesoma. Kijana ana kipaji, daraja la pili si mahali pake, kumzuia ni choyo. Nikaandika karatasi ya ruhusa kwa hati nzuri: mchezaji huyu yuko huru kujiunga na timu yoyote aitakayo. Nikatia saini, nikampa Pandu mkononi, nikamtakia kheri. Sikuwahi kufanya jambo lililoniuma hivyo, na nililifanya kwa ajili yake. Akaitazama, akaikunja, akaondoka.

Baada ya siku chache, alasiri, tulikuwa barazani kwa Bi Zuwena, wachache tu. Hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Mize, na Mzee Vuai na kikohozi chake, na wanawake wawili wa mwani, na Pandu nyuma yao amebeba sinia limefunikwa kawa. Ndani mna mkate wa kumimina na pweza mkavu. Bi Mize akampa Bi Zuwena shikamoo, wakakaa. Tukaulizana hali, wagonjwa, mvua, bei ya mchele. Safari hii mimi nilijua kungoja.

Kahawa ilipokwisha Mzee Vuai akakohoa, akasema, "Tumekuja kuuliza kosa."

"Kosa gani, mzee wangu?"

"Mlikuja kwetu na watu, mkamwomba kijana kwa heshima, tukakupeni. Sasa amerudi na karatasi. Kwetu mtu harudishwi kwao kwa karatasi, wazee hawajakaa. Kama amekosa, tuambieni tumwonye. Kama hakukosa, karatasi ya nini?"

Nikaanza kueleza. Radi, daraja la kwanza, gari, viatu, kipaji. Nilisema vizuri, kama siku ile ya kalamu mbili. Bi Mize aliningoja nimalize.

"Hao Radi walikuja," akasema. "Wawili. Viatu hawakuvua. Nkawauliza, bamvua mtakuwa wapi? Mmoja akacheka, akanambia, 'Mama, mambo ya bamvua waachie wavuvi.' Nkawapa maji, wakenda zao." Akageuza uso kwangu. "Wewe ulipokuja peke yako nlikwambia hujaja. Lakini bamvua lile ulikuja. Ulikuja na watu wako wote. Sasa leo unanirudishia mtoto?"

Nina stashahada, wanangu, na pale nilipeleka mdomoni kikombe kilichokwisha kahawa.

Bi Zuwena akamgeukia Pandu kama siku ile. "Na wewe mwenyewe, mwanangu, unasemaje?"

Pandu akainamisha kichwa. Hemed akafungua mdomo kusema neno lake la kuchekesha, lakini kijana akainua uso.

"Mara hii sinyamazi," akasema. "Sitaki kwenda. Daraja lolote."

Akatoa ile karatasi mfukoni, imekunjwa nne, akaiweka juu ya sinia. Bi Zuwena akaichukua, hakuifungua. Meza ya kahawa ilikuwa na mguu mmoja mfupi, siku zote ikitikisika. Akaitia chini ya mguu ule, akaijaribu kwa kiganja. Ikatulia.

Hemed akasema, "Basi na mimi siondoki. Mlango wa mbele kama umefungwa, tutaungoja ufunguliwe." Na wale wengine waliokuwa wakitafuta timu kimyakimya wakatazama chini, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.

Tulifanya mazoezi mwaka ule juani, kwenye kifusi, ringi moja juu na nyingine chini. Kila bamvua tulikwenda Chwaka, mvua na jua. Miguu ikawa migumu kama ya punda wa chokaa, na hakuna timu iliyotuzidi pumzi tena dakika za mwisho. Mwisho wa msimu tukapanda. Msimu uliofuata, mechi ya kwanza daraja la kwanza, nilimwingiza Hemed mwishoni. Hakufunga kikapu hata kimoja. Filimbi ilipolia alivua jezi, akatoka kwa lango kubwa la mbele, mkono wake juu ya bega la Pandu, anachechemea, anatukana waamuzi.

Leo mkija kwangu kunywa maji, tazameni tena ukuta. Pembeni ya fremu ya cheti limetundikwa kawa la ukili, lile lile lililofunika sinia, Bi Mize alikataa kulichukua. Vyote viwili nimevipata kwa jasho langu, na sioni haya kuvionyesha.

Mmeniuliza timu hufufuliwa vipi. Nasikia kuna kijana mrefu Mkokotoni mnamtaka, na mnataka kumpigia simu. Iwekeni simu. Nendeni. Mkifika mtaulizwa mmekuja na nani, na mimi kofia yangu ninayo karibu, na Hemed kanzu yake imeshapigwa pasi.